Kufika Old Andado bila kuishia njiani: mwongozo kamili wa kutembelea ranchi ya zamani katika jangwa la Australia

Katika sehemu zote ninazowaelekeza ndugu zetu wanaofika Alice Springs, mji ulio katikati ya Australia, iliyowashinda wengi ni Old Andado. Mmoja aligeuzia Santa Teresa, kijiji kilicho njiani, kwa sababu gari alilokodi lilikuwa la lami. Wengine walifika kwenye nyumba isiyo yenyewe, wakapiga hodi kwa watu walio kazini. Familia moja ilichagua kwenda Januari, na nashukuru walikata tamaa mapema. Mimi mwenyewe safari ya kwanza nilirudi mjini mshale wa mafuta ukiwa umelala kabisa, na kilomita 40 za mwisho nilizimaliza kwa dua.

Nikizihesabu safari zote ninazozijua zilizoharibika, ni moja tu iliyoharibikia mchangani. Zilizobaki ziliharibikia mjini kabla gari halijawashwa: simu haikupigwa, mkataba haukusomwa, hesabu ya dizeli ilifanywa kwa kukisia. Ndiyo maana mwongozo huu utakuweka sana mjini kuliko jangwani.

## Tuelewane kwanza tunakwenda wapi

Waaustralia huita ranchi kubwa ya ng'ombe "stesheni". Usitafute reli wala askari. Stesheni ni eneo la malisho lenye nyumba ya mwenye ranchi, mabanda, visima na seng'enge, na jirani wa karibu anaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari.

Old Andado ni nyumba kongwe ya ranchi, ya mabati, iliyojengwa 1922 katika bonde kati ya vilima viwili virefu vya mchanga mwekundu, ukingo wa magharibi wa Jangwa la Simpson. Kutoka Alice Springs ni kama kilomita 330 kuelekea kusini-mashariki. Mama mmoja, Molly Clark, aliifufua nyumba hii na kuishi humo miaka mingi, akiwapokea wageni katikati ya jangwa, na vyombo vilivyomo vimeachwa kama katika nyumba ya mtu aliyetoka kidogo tu. Historia naikomeshea hapo. Utaisoma kwenye kuta ukifika.

Sasa jambo lililowapoteza wengi. Kuna Andado mbili. Hii ya zamani, na ile mpya iliyo kama kilomita 18 upande wa magharibi, ambayo ni ranchi inayofanya kazi, yenye familia na wafanyakazi wake. Ukiandika "Andado" peke yake kwenye ramani ya simu, unaweza kupelekwa ile mpya. Hapo si pa watalii na hawauzi mafuta. Andika jina lote: Old Andado.

## Vitu vya kuwa navyo

Vikusanye vyote sebuleni siku mbili kabla, uvione kwa macho. Kitu ambacho "kipo kwenye buti nadhani" hakipo.

- Gari la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) lililoinuka, lenye gia nzito ya fowili. Gari dogo lenye umbo la jipu halitoshi.
- Matairi mawili ya akiba, yamejazwa upepo, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati zako. Ijaribu.
- Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, maana bila hicho jeki itazama mchangani badala ya kuinua gari.
- Geji ya upepo na pampu ya umeme inayochukua umeme wa gari.
- Beleshi, vibao viwili vya kukwamulia na kamba ya kuvutia gari.
- Madumu ya dizeli na ya maji, ya rangi tofauti.
- Simu ya setilaiti, au kifaa kidogo cha kuomba uokoaji kwa setilaiti. Vyote viwili hukodishwa.
- Redio ya gari ya masafa ya UHF.
- Ramani ya karatasi, na ramani ya simu uliyoipakua mapema.
- Chakula cha siku mbili zaidi ya ratiba.
- Hema au godoro la kukunja lenye turubai, na mfuko wa kulalia unaohimili baridi ya chini ya nyuzi 0.
- Huduma ya kwanza, zikiwemo bandeji ndefu za kubana kwa ajili ya kuumwa na nyoka.
- Neti ya kichwani ya kuzuia nzi. Utacheka ukiinunua, hutacheka siku ya pili.
- Noti ndogondogo za dola ya Australia.
- Mifuko ya taka.

Friji, viti na jiko la kuchomea nyama ni hiari. Beleshi si hiari.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya Mei na Agosti. Septemba inavumilika.

Kuanzia Novemba joto la pembezoni mwa Simpson huvuka nyuzi 40 bila taabu, na gari likiharibika mchana wa joto hilo, maji uliyobeba ndiyo umri wako. Upande wa jimbo la South Australia, hifadhi ya Simpson hufungwa kabisa kila mwaka tangu 1 Desemba hadi 15 Machi. Wenye nchi wakifunga milango, mgeni asijifanye jasiri.

Upande wa pili wa shilingi ni baridi. Watu wa Dar na Mombasa husikia neno jangwa wakafungasha kanga na ndala. Usiku wa Julai maji kwenye ndoo huganda. Mchana unavaa fulana, usiku unavaa kila ulichobeba.

Epuka pia wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Juni. Ni wikiendi ya mashindano ya Finke Desert Race, pikipiki na magari yakikimbizwa kutoka Alice Springs hadi kijiji cha Finke na kurudi. Vyumba hujaa, magari ya kukodi huisha, na njia za kusini huwa na msongamano.

## Hatua ya 2: Ukitoka Afrika Mashariki, safisha viatu

Hatua hii waandishi wengi wa safari hawaigusi, kwa kuwa hawatoki kwetu.

Kwetu ugonjwa wa miguu na midomo upo kwenye mifugo. Australia haujaonekana tangu 1872, nao wanaulinda mpaka wao kama mboni ya jicho, kwa sababu virusi hivyo husafiri kwenye tope la soli, kwenye nguo na kwenye nyama. Kama ulikuwa zizini Kongwa au Kajiado juma lililopita, hayo ndiyo wanayotaka kujua.

Osha viatu kwa brashi na sabuni hadi kwenye mifereji ya soli, vikauke. Fua nguo ulizovaa shambani. Kwenye fomu ya kuingia nchini, panapouliza kama umekuwa shambani au karibu na mifugo ndani ya siku 30, jibu kweli. Ukisema ndiyo, afisa atakagua viatu, pengine atakuoshea mwenyewe, basi. Ukisema hapana kisha wakute tope, kuna faini papo hapo.

Nyama kavu ya mama iache nyumbani. Najua inauma.

Halafu kaa mbali na mifugo angalau siku 7 baada ya kutoka eneo lenye ugonjwa. Usitue Jumatatu na kufika ranchi Jumatano. Tembea mji kwanza.

Umefaulu pale afisa anapogeuza kiatu chako juu chini na kukurudishia bila neno.

## Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kupanga lolote

Old Andado si hoteli. Inatunzwa na watu wachache, wageni hupokelewa zaidi miezi ya baridi, na utaratibu hubadilika mwaka hadi mwaka. Namba ya sasa waulize kituo cha taarifa za wageni cha Alice Springs. Usitegemee namba uliyopewa na mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Uliza haya, uandike majibu: Nyumba iko wazi tarehe zangu? Kuna mtu? Kulala ni shilingi ngapi, yaani dola ngapi, na mnapokea taslimu tu? Kuna maji ya kunywa? Naweza kuwasha moto? Njia ya Santa Teresa ikoje juma hili?

Swali la mwisho ndilo la dhahabu. Mtu anayeishi mwisho wa njia anaijua kuliko mtandao wowote.

Angalizo dogo la lugha: saa. Wao wakisema tisa asubuhi ni saa tatu yetu. Jamaa yangu aliambiwa hivyo, akaandika saa tisa, akaja alasiri, mwenyeji alikwisha ondoka kwenda kutengeneza pampu.

Wakati huohuo, nenda au pigia Central Land Council, baraza la ardhi la wenyeji asilia, mjini Alice Springs. Njia inapita ardhi ya Waarrernte, wenyeji asilia wa hapa, na baraza hilo ndilo litakalokuambia kama safari yako, pamoja na sehemu unazotaka kusimama, inahitaji kibali. Kuendesha gari kwenye barabara ya umma ni jambo moja, kuchepuka kuingia kijiji cha watu ni jingine. Uliza na sheria ya pombe. Jamii nyingi za wenyeji katika Northern Territory, eneo la utawala ilimo Alice Springs, ni marufuku kuingia na pombe, hata bia iliyofungwa ndani ya gari, na adhabu yake si ya kuonywa. Kwa safari hii mimi hunywa chai.

## Hatua ya 4: Gari, na mkataba wake

Fika kwenye ofisi ya kukodi magari ukiwa na ramani. Weka kidole kwenye Old Andado, sema: nakwenda hapa, kwa njia hii, mnaruhusu? Kisha omba jibu liandikwe.

Sababu ni kwamba mikataba mingi inakataza barabara isiyo na lami, hata kwa gari la fowili. Mingine inaruhusu changarawe lakini inakataza mchanga. Mingi inakataza kuendesha usiku nje ya mji. Bima huanguka dakika unapovuka kipengele hicho, na gharama ya kuvutwa kilomita 300 kutoka jangwani inaweza kuzidi nauli ya kwenda na kurudi Nairobi. Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilinikabidhi gari lenye maneno "jangwani popote" ubavuni, na ndani ya mkataba ukurasa wa nne imeandikwa barabara za lami tu. Nililipa na gari nikaliacha limeegeshwa.

Leseni: ya Kiingereza inakubalika kwa mgeni wa muda mfupi. Iliyoandikwa Kifaransa tu, kama ya ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, iandamane na kibali cha kimataifa cha kuendesha au tafsiri rasmi. Jambo jema ni kwamba wanaendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyezoea kulia kama Bujumbura, Kigali au Kinshasa afanye mazoezi mjini siku nzima kwanza.

Kabla ya kutoka nalo, washa fowili na gia nzito hapo hapo uwanjani, mbele ya mhudumu. Shusha matairi ya akiba yote mawili na uyapime upepo. Fungua nati moja ya gurudumu kwa spana yao. Watakuona msumbufu. Vizuri.

## Hatua ya 5: Hesabu dizeli na maji kwa kalamu

Kwenda na kurudi kwa njia ileile ni kilomita 660. Weka 40 za kuchepuka, jumla 700.

Gari linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 za lami, mchangani lihesabie 17. Hiyo ni lita 119. Ongeza robo kwa ajili ya kukwama, kugeuza na kuwasha injini usiku wa baridi: takriban lita 150. Kama tangi ni la lita 90, unahitaji madumu matatu ya lita 20. Ukienda na petroli hesabu ni ileile, ila harufu na hatari ni kubwa zaidi. Madumu ya mafuta hayakai ndani walipo abiria. Yafungwe juu au nyuma, na mwenye gari awe amekubali.

Usipange kununua mafuta njiani upande wa Santa Teresa. Huenda yapo, huenda duka limefungwa, huenda kuna msiba na kila mtu yuko huko. Usije kushangaa ukikuta petroli iitwayo Opal katika vijiji vya eneo hili. Ilitengenezwa isiwe na harufu ya kulevya, ili vijana wasiinuse. Gari lako halitaona tofauti.

Maji: lita 7 kwa kila mtu kwa siku, kisha siku 2 za ziada. Watu watatu kwa siku tatu ni siku tano za hesabu, 7 mara 3 mara 5, lita 105. Yagawe kwenye madumu mengi. Dumu moja kubwa likipasuka umepoteza yote.

## Hatua ya 6: Mwachie mtu ratiba, kisha angalia barabara

Andika kwenye karatasi: njia, tarehe, namba ya gari, namba ya simu ya setilaiti, na saa ambayo ukiwa hujapiga yeye apige 000, namba ya dharura ya Australia. Mpe mtu anayekaa Australia na asiyesahau. Si shemeji aliye Arusha. Akiamka na wasiwasi atampigia nani?

Asubuhi ya safari fungua ukurasa wa serikali ya Northern Territory wa hali ya barabara. Mvua ya siku moja hugeuza udongo wa mabonde ya pale kuwa gundi. Barabara ikiandikwa imefungwa, haiendeki kisheria pia, kuna faini, na alama za matairi yako zikikauka zinawatesa wengine miezi mizima. Rudi ulale. Hakuna aibu.

Huu ndio mwisho wa kazi ngumu. Sasa twende.

## Hatua ya 7: Alice Springs hadi Santa Teresa

Toka jua likiwa limechomoza, kama saa 1 na nusu asubuhi kwa Julai. Alfajiri na magharibi kangaruu na ng'ombe hukaa barabarani. Kumgonga dume la ng'ombe kwa kasi ni kama kugonga ukuta wenye miguu. Safari nzima itachukua saa sita hadi saba, na jua huzama karibu saa 12, kwa hiyo usichelewe kifungua kinywa.

Barabara inatokea upande wa uwanja wa ndege, kusini mwa mji. Hadi Santa Teresa, ambayo wenyeji huiita Ltyentye Apurte, ni zaidi kidogo ya kilomita 80.

Pale lami inapokwisha, simama. Punguza upepo wa matairi hadi karibu PSI 28 (PSI ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji). Tairi laini hulala juu ya mawe badala ya kupigana nayo, na hupunguza mtetemo wa ile barabara iliyojikunja kama bati. Baada ya kupunguza, usizidi kilomita 80 kwa saa. Tairi laini likikimbizwa hupata moto na kuchanika.

Ukiona gari linakuja, punguza mwendo na kaa kushoto kabisa mpaka vumbi litulie. Waliokufa kwa kulipita gari ndani ya vumbi hawakuona kilichowaua.

Santa Teresa ni nyumbani kwa watu. Pita polepole, watoto na mbwa wako barabarani. Usipige picha za watu bila kuomba. Kanisa la hapo lina michoro ya kutani iliyofanywa na akina mama wenyeji, na kuna kituo cha sanaa, Keringke Arts. Kama unataka kuviona, panga kwa simu kabla.

## Hatua ya 8: Mageti, mabirika na mchanga

Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Ulilolikuta wazi liache wazi, hata kama moyo unakuambia mwenyewe amesahau. Huenda hilo ndilo linalowaruhusu ng'ombe kufika kwenye maji, na ukilifunga watakufa na kiu upande wa pili. Abiria wa mbele ashuke, afungue, gari lipite, afunge, atikise mnyororo. Mtoto wa mfugaji haelezwi haya mara mbili. Panapokuwa na daraja la mabomba ya chuma badala ya geti, pita taratibu; ng'ombe hawalivuki kwa kuwa kwato huteleza katikati.

Usipige hema karibu na birika wala kisima. Ng'ombe wa huku ni nusu mwitu. Wakiona taa na watu hawasogei kunywa, hata wakiwa wametembea siku nzima. Kaa nusu kilomita au zaidi.

Mchanga wenyewe hauna uchawi. Kabla ya kuuingia, shusha upepo hadi PSI 18 au 20 na washa fowili. *Kabla*, si baada ya kukwama. Ingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika, magurudumu yakiwa yamenyooka. Usifunge breki juu ya mchanga laini, achia tu pedali ya mafuta, gari litasimama lenyewe. Kwenye kilima panda moja kwa moja, usikate kona ubavuni maana gari hupinduka. Karibu na kilele achia mafuta kidogo, kwa sababu huoni kilicho upande wa pili, na tangaza kwenye redio kwamba unapanda. Nguvu zikiisha katikati, weka rivasi, rudi kwenye alama zako zilezile hadi chini, punguza PSI 2, jaribu tena.

Ukisikia matairi yanazunguka bila kwenda, toa mguu. Kila sekunde ya ubishi ni dakika kumi za beleshi. Shuka, toa mchanga mbele ya kila gurudumu na ule ulioshika tumbo la gari, ingiza vibao, punguza hadi PSI 16, toka taratibu kama unayepita chumba chenye mtoto aliyelala.

### Gari likigoma kabisa

Usiliache. Hata kama umeona bati linang'aa kwa mbali, hata kama umehesabu ni kilomita 12 tu. Gari huonekana kutoka angani, mtu mmoja haonekani. Gari ni kivuli, ni kioo cha kumulika, ni mahali ulipoweka maji.

Fungua boneti, maana wapitaji huku huielewa ishara hiyo. Tandika turubai upande wenye kivuli. Jaribu redio: chaneli 5 ni ya dharura, chaneli 40 ndiyo wanayosikiliza madereva wengi wa malori. Simu ya setilaiti inafuata. Kifaa cha uokoaji bonyeza pale maisha yakiwa hatarini, na ukishabonyeza usihame hatua hata moja. Kunywa maji ukisikia kiu. Kuyahifadhi huku unazimia hakujamsaidia mtu.

## Hatua ya 9: Miti iliyo njiani

Kama kilomita 40 kabla ya kufika, kuna njia ya kuchepuka kwenda hifadhi ndogo ya Mac Clark. Humo kuna miti iitwayo *Acacia peuce*, jamii ya migunga, mirefu, majani kama ya msonobari, kwenye uwanda wa mawe ambapo hakuna kingine kilichothubutu kuota. Duniani iko sehemu tatu tu, zote Australia: hapa, karibu na Birdsville, na karibu na Boulia. Mmoja unaweza kuwa na umri wa miaka mia kadhaa.

Mbao zake ni ngumu kiasi cha kupinda misumari. Usivunje hata kijiti kilichoanguka, wala usiwashe moto. Maji hakuna. Kama gari lako lina wasiwasi wowote, au jua limepita saa 9 alasiri, pita uende ranchi, miti utaiona kesho ukirudi.

## Hatua ya 10: Ukifika

Utajua umefika unapoteremka kwenye bonde refu lenye mchanga mwekundu kulia na kushoto, na nyumba ya mabati chini yake. Kama umekuta mabanda mapya, matrekta na mbwa wanaobweka, uko Andado ile nyingine. Omba radhi, geuza.

Salimia mtunzaji kwanza, kabla ya kushusha kamera. Wengine ni wastaafu waliojitolea, na mgeni wa mwisho huenda walimwona juzi. Kaeni kidogo mzungumze. Mwulize kuhusu hali ya njia ya Finke (ya Hatua ya 11), utapata habari ambayo haipo popote.

Lipa kabla ya kulala. Mtunzaji asipokuwepo kutakuwa na kisanduku. Weka noti, andika jina kwenye daftari la wageni. Hakuna anayekuchungulia.

Ndani ya nyumba pita kama unayepita nyumba ya bibi. Vikombe, vitabu na viti ni vya kutazama. Vumbi lililo juu yake si kazi yako kulifuta. Gusa ukuta wa bati saa 8 mchana, kisha rudi uuguse alfajiri, utaelewa zaidi kuliko bango lolote kuhusu kuishi hapa bila umeme wa kuvuta swichi.

Kwenye ranchi nyingi za namna hii maji ya kuoga hupashwa kwa pipa lililolazwa juu ya moto wa kuni. Chombo hicho wanakiita "punda". Ukiambiwa ukamwashie punda moto, usiogope.

Jioni panda kilima cha mashariki kwa miguu, si kwa gari. Beba tochi na sweta. Kagua viatu kabla ya kuvivaa asubuhi.

## Hatua ya 11: Kurudi

Njia rahisi ni uliyoijia. Unaijua, na alama zako mwenyewe bado zipo.

Ukitaka kuzunguka, kuna njia ya Finke, ambayo pia huitwa Aputula, hadi Kulgera kwenye barabara kuu ya Stuart, kisha kaskazini hadi Alice Springs. Mzunguko wote ni karibu kilomita 870, kwa hiyo hesabu ya Hatua ya 5 ifanye upya. Treni ya zamani ya Ghan ilipita Finke hadi 1980, kwa hiyo waliotafuta stesheni ya reli hawakukosea sana. Magharibi mwa Finke kuna nguzo ya Lambert inayoonyesha katikati ya Australia. Watoto hupenda kupiga picha hapo. Mto Finke ukiwa na maji yanayotembea, usivuke, rudi Santa Teresa. Duka la mafuta la Finke lina saa zake. Piga simu, hasa ikiwa ni wikiendi.

Ukifika lami, simama ujaze upepo tena hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Hapa ndipo watu hujisahau, wakaingia barabara ya kilomita 130 kwa saa na matairi laini, huku lori-treni lenye urefu wa mita 53 likiwafuata. Kaza nati za magurudumu, tazama kama kuna fito au nyasi zilizoshika karibu na bomba la moshi, kwa kuwa hizo huunguza magari.

Mjini piga picha gari pande zote kabla ya kulirudisha, mwaga taka zako kwenye mapipa, rudisha simu ya setilaiti. Na yule uliyemwachia karatasi, mpigie leo hii hii kabla hujaoga, maana saa mliyokubaliana ikipita atakuwa ameshapiga 000.